Mikono Yote Miwili

9 Februari 1987

Mdogo wangu Kifungo,

Hujambo huko kwenye kiwanda chenu cha mbao? Sisi wazima, ukiacha haya na yale. Wapwa zako wanakua mpaka viatu vinalalamika. Yule mkubwa ameanza kuwajibu watu wazima, na kila mtu anasema amerithi mdomo wangu, kana kwamba mdomo ni ugonjwa. Shemeji yako yuko na lori lake. Akirudi analala, akiamka anaondoka. Mimi bado napiga chapa ofisi ya maji. Watu wanakuja kulalamika mabomba yamekauka, nami nawapa kiti.

Barua yako ya mwaka mpya nilimsomea Mama mara mbili. Lakini mwandiko wako umekuwaje, ndugu yangu? Mistari yote inateremka, imekuwa kama watoto wa shule waliosikia kengele. Unaandikia juu ya mgongo wa punda? Mama aliomba karatasi aione mwenyewe, akaigeuza huku na huku, akasema, "Kifungo hakuwa hivi."

Mama hajambo. Tumbo lilimsumbua kidogo, na gauni lake la kijani linampwaya, lakini bado yuko kwenye cherehani yake. Ana haja na wewe. Anataka kukushonea shati la mikono mirefu, la kuvaa mbele za watu. Unaijua sheria yake, kwamba mkasi haugusi kitambaa kabla mtu hajasimama mbele yake. Safari hii ameamua kuivunja, sijui kwa nini, nami sikumbishia. Kwa hiyo pimwa utume vipimo, na usipime mkono mmoja ukaona yatosha. "Mkono na mkono si pacha," anasema, kama alivyowaambia wateja wake tangu sisi tukitambaa chini ya meza yake tukiokota pini.

Na lile neno alilokupa siku unaondoka, ambalo sasa mtaa mzima unalijua, anakukumbusha tena: umrudishie vidole vyake kumi, alivitengeneza mwenyewe.

Dada yako,
Mkasi


3 Machi 1987

Dada Mkasi,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako, maana wewe ni mtu wa kupunja. Wape wapwa zangu habari kwamba mjomba wao yupo, anakula, analala, na nyani wa huku wamemzoea.

Kuhusu mwandiko, kosa si langu. Meza zetu ni za mbao mbichi, zimepinda zote. Ajabu, eti? Kiwanda cha mbao hakina meza iliyonyooka. Kinachoteremka ni meza.

Nimehamishwa. Sikai tena kwenye msumeno, sasa ni karani wa ghala. Natoa mbao, napokea mbao, naandika. Ni kupanda cheo, Dada, usicheke.

Mwenzangu wa ghalani amenipima. Mabega na kifua nimeandika nyuma ya karatasi hii. Mkono wa kulia ni inchi ishirini na nne, na wa kushoto ni vilevile. Naleta na picha. Nimesimama nyuma ya rundo la mbao, nimevaa fulana kwa sababu ya joto. Mwambie Mama sijakonda, ni mpiga picha aliyesimama vibaya.

Likizo bado. Msimamizi wetu amekaza kamba. Labda mwezi wa sita, tuombe uzima.

Mdogo wako,
Kifungo


28 Machi 1987

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Watoto wazima, shemeji yako mzima. Zaidi ya hapo salamu zangu zimekwisha.

Mama alinikataza kukuambia, nami nilimtii, na ile ya Februari niliiandika huku nikijiona mwongo. Ana saratani ya ini. Tulikwenda hospitali kubwa, wakampiga picha za ndani, wakamtoboa, wakamtoa damu. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akasema tumrudishe nyumbani tumtunze asiumie. Mama alikuwa amekaa palepale mbele yake, amepakata mkoba wake. Akamwuliza daktari, "Kitambaa kilichobaki kinatosha nini?" Daktari alidhani amechanganyikiwa. Mimi nilielewa. Nikamwambia daktari anauliza muda. Akasema miezi, na si mingi.

Hakulia. Njiani aliniambia, "Kifungo usimwambie, atakimbia kazi." Leo namwasi, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na sitaki kije kuniumbua mimi.

Vipimo vyako vilifika. Nilimsomea akiwa kitandani, macho amefumba. Nilipofika mkono wa kushoto akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Sawa na wa kulia?" Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akaiomba ile picha, akaikazia macho mpaka chai yake ikapoa. Nilimwuliza kuna nini, akasema hakuna, ila kijana amekua.

Kazi mpya zote amezikataa. Za wateja wa zamani anazimalizia moja moja, na lako ndilo la mwisho. Juzi alinituma vifungo vya kubonyeza, vile vya chuma, mfuko mzima. Unakumbuka alivyokuwa akivisema? Vifungo vya wavivu! Maisha yake yote hakuwahi kuviweka kwenye nguo ya mtu. Niliogopa kwamba ugonjwa umepanda kichwani, lakini sikutaka kumbishia mgonjwa, nikamnunulia.

Njoo, Kifungo. Usingoje mwezi wa sita.

Dada yako


20 Aprili 1987

Dada,

Shikamoo, poleni sana. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Je, mmemwona daktari mwingine? Huku kuna mtu anasema ini hutibika likiwahiwa. Mwambie Mama ale vizuri, asichoke, aache cherehani. Mimi namwombea.

Kuja sasa hivi ni vigumu. Mambo ya kazi yamebana, nitaeleza siku nyingine. Msalimie sana.

Kifungo


6 Mei 1987

Kwako wewe karani wa ghala,

Sisi hatujambo, kama una haja ya kujua.

Mama hatoki tena kitandani ila kwa kushikwa. Nimeisogeza cherehani chumbani kwake, nimeiegemeza dirishani, akipata nguvu anakaa anashona kidogo, mimi nimemshika mgongo. Anashona shati lako. Nikimwambia apumzike ananiangalia kwa jicho ambalo wewe unalijua. Akimaliza sehemu analifunika na shuka, hataki nilione. "La mwenyewe," anasema.

Namwogesha, namlisha uji kwa kijiko, nambadilishia mashuka, kisha nakwenda kazini nikiwa nanuka dawa. Majirani wananisaidia, Mungu awalipe. Wewe unaniambia mwambie aache cherehani. Sasa sikiliza, methali hii uliijua kabla hujajua kuvaa suruali: kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi ni kidole kimoja huku. Kingine kiko wapi? Kinahesabu mbao!

Mambo gani ya kazi? Msimamizi gani huyo asiyezaliwa na mama? Nipe jina lake nimwandikie kwa mashine ya serikali, nimgongee mihuri yote tuliyo nayo. Au kuna mwanamke? Kuna watoto huko hatujawajua? Umefungwa? Umefanya jambo? Sema, nami nitajua pa kushika. Kimya chako ndicho kinachonichosha kuliko mgonjwa mwenyewe.

Jana Mama aliuliza, "Barua haijaja?" Nikamwambia njia mbaya, mvua. Na mvua haijanyesha wiki ya pili sasa, naye dirisha liko mbele yake.

Mkasi


25 Mei 1987

Dada yangu,

Shikamoo. Hii nimeituma ofisini kwako na si nyumbani, ili isifike mkononi mwa Mama. Funga mlango kwanza.

Ile methali yako ilinichoma mahali usipopajua. Mwaka jana, mwezi wa tisa, msumeno ulinikata mkono wa kushoto. Si vidole, Dada. Ni mkono, chini kidogo ya kiwiko. Gogo liliruka, nami nilikuwa nimelishika vibaya, na hakuna wa kulaumiwa. Walinikimbiza zahanati, kisha hospitali, nikakaa mpaka kidonda kikafunga. Wakanipa kazi ya ghala kwa huruma. Sikupanda cheo chochote.

Mistari inateremka kwa sababu karatasi haina wa kuishika. Naikandamiza na jiwe, nalo linateleza. Kwenye picha nilisimama nyuma ya mbao makusudi. Fulana nimevaa kwa sababu shati siwezi kulifunga, na nimechoka kufungwa vifungo na wanaume wenzangu kila asubuhi kama mtoto anayepelekwa chekechea. Vipimo nilipimwa mkono mmoja, nikaandika mara mbili.

Sasa niambie, niingieje chumbani kwake? Alinipa neno moja tu mlangoni. Watu wengine hupewa mawaidha saa nzima, mimi nilipewa vidole kumi nivirudishe. Mtu anakufa, nami niende nimwonyeshe kwamba alichokitengeneza nimekipoteza? Hicho ndicho kiwe kitu cha mwisho anachokiona? Bora aniite mtoto asiyejali. Mtoto asiyejali ni jambo la kawaida, watu wanao wengi.

Nakuapisha kwa uzazi wetu, usimwambie. Ukimwambia, sitaandika tena.

Kifungo


14 Juni 1987

Kifungo, mdogo wangu wa pekee,

Pole. Nimeanza na hilo kwa sababu sijui salamu ya kuweka mahali hapa. Niliisoma barua yako chooni ofisini, mlango nimeufunga kwa ndoo. Nililia mpaka mfagiaji akagonga kuuliza kama nimezimia. Pole kwa mkono, pole kwa miezi yote uliyouguza peke yako, na pole kwa ile methali. Ungeniambia ningekuja na lori la shemeji yako usiku huohuo.

Sasa umenitia mahali pabaya. Mama alinikataza nisikuambie ya kwake, wewe unanikataza nisimwambie ya kwako. Nimekuwa mlango uliofungwa pande zote mbili. Nakaa naye namkanda miguu, na neno liko hapa kooni, naogopa nikikohoa litatoka.

Siku ile alijua kuna barua, maana macho yangu yalikuwa mekundu. Akaniambia nimsomee. Ningefanya nini? Nilichukua ankara ya maji, nikaigeuza upande mtupu, nikajifanya nasoma. Nikakutungia maneno: hujambo, kazi nyingi, unamkumbuka, unakuja karibuni. Nikaona nimeyapanga vizuri. Nilipomaliza akasema, "Leo Kifungo anaongea kama wewe." Kisha akageukia ukutani.

Haulizi tena kama unakuja. Zamani aliuliza kila siku, sasa haulizi kabisa, na hilo linanitisha. Juzi nilishindwa kujizuia, nikamwambia nitakuandikia kwa ukali. Akanishika kiganja, akasema, "Usimsukume. Kitambaa ukikivuta kinapinda." Nadhani amekukatia tamaa, ila hataki kukusema.

Shati amelimaliza. Sikuamini kama atalimaliza. Amelikunja mwenyewe, akalifunga kwa kitambaa na kushona kitambaa chenyewe pande zote, halafu akaniambia asilifungue mtu ila mwenyewe. Mpaka leo sijaliona.

Siri yako nimeitunza. Lakini ukija na mkono mmoja, atakuona na mkono mmoja. Usipokuja, hatakuona na chochote. Panda gari. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitakungojea stendi mimi mwenyewe, nitaingia na wewe chumbani, nitasimama upande wako wa kushoto.

Dada yako anayekupenda,
Mkasi


2 Julai 1987

Dada,

Shikamoo. Najua ulikwenda stendi. Najua ulisimama mpaka gari la mwisho likaingia. Nisamehe.

Nilipanda. Nilivaa koti juu ya fulana, nikaiingiza mikono ya koti mifukoni, wa kulia wenye mtu na wa kushoto usio na mtu. Tuliposimama njia panda akapanda yule mwalimu wetu wa hesabu aliyestaafu. Alikuwa amevaa lile gauni la michirizi aliloshonewa na Mama. Akaniona! Akaja kukaa kando yangu, gari zima likasikia: "Kifungo! Unakwenda kwa Mama? Vyema sana. Vidole vya fundi vimetimia? Hebu vitoe tuhesabu!" Akacheka, na watu wakacheka naye, maana kicheko chake unakijua. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameshanyoosha mkono kabisa, tayari kuanza na moja.

Nikamwambia nimesahau mzigo. Nikashuka. Gari lilipoondoka alikuwa bado amegeuza shingo dirishani ananitazama. Nilikaa kwenye jiwe njia panda mpaka jua likahama upande, na magari mawili yakapita yanakwenda nyumbani. Sikunyanyua mkono.

Nipe muda kidogo. Nitajikaza nije mwisho wa mwezi.

Kifungo


19 Julai 1987

Kifungo,

Natumaini u mzima.

Mama alifariki Jumanne asubuhi. Alikunywa uji vijiko vichache, akaniomba nimfungulie dirisha, nikaenda kufungua, na niliporudi alikuwa ameshaondoka. Hakuhangaika. Tulimzika Jumatano. Barua yako ya njia panda niliikuta chini ya mlango tuliporudi makaburini. Telegramu niliyokupigia sijui iliishia wapi.

Watu walikuwa wengi, nusu yao wamevaa kazi yake. Nilisimama pale nikitazama mishono ya Mama kwenye migongo ya watu, nikawa namtafuta mtu mmoja tu. Mwalimu wa hesabu aliniuliza kama ulikuta mzigo wako.

Sikumwambia Mama siri yako. Nilikaa naye mpaka mwisho nikiwa nimefumba mdomo, mimi Mkasi, na amekufa akidhani mwanawe hakutaka kuja. Ulitaka iwe hivyo, imekuwa hivyo. Sina ugomvi na mkono wako. Ugomvi wangu ni kwamba ulimchagulia Mama uchungu, ukamchagulia huo.

Shemeji yako anapita huko na lori, atakuachia furushi. Ni shati lako. Sikulifungua. Mikono miwili mirefu, inchi ishirini na nne kila mmoja, kama ulivyoagiza. Sijui utalifanyia nini.

Dada yako


9 Agosti 1987

Dada Mkasi,

Shikamoo. Pole kwangu na pole kwako, na asante kwa kumzika Mama. Telegramu ilifika wiki moja baada ya mazishi, lori la barua lilikuwa limevunjika ekseli. Kuhusu barua yako, sina la kujitetea. Kila neno ni lako kwa haki.

Shemeji alinipa furushi. Aliutazama mkono wangu, akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka. Nilikaa na furushi lile siku kadhaa. Niliogopa kuona mkono wa kushoto wa shati lile. Mwisho nilifumua mshono kwa meno, maana unajua wa kunishikia upande wa pili sina.

Dada, nisikilize vizuri.

Shati ni la bluu, kitambaa chepesi. Kifuani kuna vifungo vyeupe vimepangwa kama kawaida, mtu yeyote akiliona atasema ni shati tu. Lakini havifungwi. Vimeshonewa juu juu tu, urembo. Chini yake, kila kimoja kina kile kifungo cha kubonyeza ulichotumwa ununue. Unabonyeza kwa kidole gumba, kinashika. Nimelivaa mwenyewe. Tangu mwezi wa tisa mwaka jana sijavaa shati peke yangu, na leo nimelivaa na kulivua mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nina akili timamu.

Mkono wa kulia ni mkono wa shati, basi. Wa kushoto nao ni mrefu, wenye pindo la kifundoni, na kwa nje hauna tofauti. Nikaugeuza. Ndani ameshona vifungo vya kubonyeza kutoka kwenye pindo hilo kwenda juu, safu mbili, mpaka kupita kiwiko. Unaukunja kwa ndani, unabonyeza pale mkono wako ulipoishia, unafunga vizuri bila kuning'inia. Hakujua mkono wangu umeishia wapi. Kwa hiyo ameshona kila mahali ambapo ungeweza kuishia.

Alijua. Alijua, na alishona akiwa anashikwa mgongo. Mimi nilikaa kwenye jiwe njia panda nikiogopa kuhesabiwa, kumbe yeye alikwisha kuhesabu, akaanza kushona. Nimelia, Dada, sijui kwa nini nakuambia, utakuwa umejua.

Swali langu ni moja. Ulimwambia? Kama ulimwambia sikulaumu, nakushukuru. Kama hukumwambia, alijuaje?

Mdogo wako,
Kifungo


24 Agosti 1987

Kifungo wangu,

Marahaba, na shikamoo hii ya leo naipokea kwa mikono miwili na machozi. Watoto wazima. Mkubwa anakuulizia kila siku, shemeji yako amemwambia mjomba ana mkono mmoja wa chuma na anapigana na nyani. Utajua mwenyewe pa kuanzia.

Sikumwambia, naapa. Lakini barua yako ilininyanyua kwenye kiti, nikaenda kulifungua lile sanduku lake la bati. Mashati yako ya shule bado yamo, hakuwahi kutupa hata moja. Nikachukua utepe wake, nikapima mikono. Nikadhani nimekosea, nikapima tena. Mashati yote, tangu ulipoanguka kwenye ukuta wa shule ukavunjika mkono, mkono wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Kidogo tu, upana wa dole gumba. Mfupa wako uliunga ukiwa mfupi, na hakukuambia, wala mimi sikuambiwa. Alikukatia hivyo miaka yote, ukavaa mashati yanayokaa sawasawa, ukajiona kama watoto wengine.

Halafu wewe ukamletea inchi ishirini na nne na ishirini na nne.

Ndiyo maana aliniambia nirudie. Ndiyo maana ile picha aliikazia macho. Alikuwa na mistari inayoteremka, ana kijana aliyejificha nyuma ya mbao, na sasa ana kipimo cha mkono ambao haukupimwa. Siku hiyohiyo alinituma vifungo vya wavivu, nami nikadhani amechanganyikiwa. Na kumbe ile "kitambaa ukikivuta kinapinda" haikuwa kukata tamaa. Alikuwa anakupa nafasi. Tulikaa chumba kimoja, mimi na yeye, tumebeba mzigo mmoja, kila mtu akijikaza mwenzake asijue. Ningekohoa tu siku ile! Tungelia pamoja, kisha tungekucheka.

Hasira zangu za mwezi wa saba sizifuti, zilikuwa na haki yake. Lakini neno moja nalifuta. Niliandika kwamba amekufa akidhani hukutaka kuja. Si kweli. Alikufa akijua kwa nini hukuja, na shati lilikuwa tayari.

Wateja hawaachi kuja. Wanakaa chumbani mwake wanagusa cherehani kama mtu anayempa mkono mfiwa. Mwalimu wa hesabu ameleta kitambaa, ati nimshonee mimi, kwa kumbukumbu. Nimemharibia gauni. Bega moja liko hapa, jingine liko kwa jirani, naye amelivaa hivyohivyo na kulipeleka sokoni. Mimi si fundi, Kifungo, mimi ni mpiga chapa. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa mapajani mwake ukiongoza kitambaa. Na cherehani ile, usisahau, inaendeshwa kwa miguu. Miguu unayo yote, au kuna jingine hujaniambia?

Nataka tumfanyie Mama jambo moja, na sihitaji jiwe la kaburi wala karamu. Njoo Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, na shati hilo mwilini. Akipanda mwalimu, mwachie ahesabu. Mimi nitakuwa stendi, utepe wa Mama uko shingoni kwangu. Ukishuka tu, kabla ya salamu, nitakupima mikono yote miwili.

Dada yako,
Mkasi